Herufi Tatu kwa Siku

"Kumbe hujasikia? Adelfa wa fotokopi anauza majina ya ukoo."

Gaudencia, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa amekaa kizingitini na beseni la aguaje mapajani, anabandua magamba ya matunda kwa ukucha, mawili ya kuuza, moja anatia kinywani. Habari zake nazo huja hivyohivyo: mbili anakugawia, ya tatu anabaki nayo mwenyewe.

"Anayauzaje?" nikamuuliza.

"Mwanamke anaingia pale dukani ni Saboya, anatoka ni Pinedo. Bila padri, bila pete, bila hata bia moja ya kupongezana! Mimi, huyu mwanamume wa ndani nimempikia miaka tisa, sijapewa hata herufi moja ya jina lake. Adelfa anakupa jina zima kwa siku mbili."

"Gaudencia, funga mdomo, nzi wanaingia," mumewe akasema kutoka kwenye kitanda cha kamba.

"Unasikia? Huyo ndiye mwenye jina." Akapunguza sauti. "Na watoto je? Nasikia ameandikisha watoto arobaini kuwa ndugu wa watu wasiojuana. Shoga, ile ni jela ya kukaa mpaka mvi."

Nilicheka, lakini kidogo. Kwenye mfuko wa aproni nilikuwa na barua ya hospitali ya Lima. Daktari wa masikio alikuwa amekubali kumwona binti yangu Itala mara mbili: Jumatatu ijayo, na tena baada ya miezi mitatu. Itala ana miaka minne. Ngurumo za huku kwetu Iquitos hutikisa vikombe kabatini, yeye anaendelea kuchora samaki wake sakafuni. Anachosikia ni mdomo wangu. Anauangalia, anauelewa. Asipouona, anautafuta, na akiukosa analia mpaka pumzi inakatika na midomo inakuwa rangi ya zambarau. Baba yake, Elmer, yuko kwenye majahazi ya mbao huko juu ya mto na hurudi mto ukipenda. Kwa hiyo safari ilikuwa yangu na Itala, wawili tu.

Barabara ya kutoka hapa kwenda Lima haipo, haijawahi kuwepo. Kuna mto, siku nne za boti na basi baada yake, au kuna ndege. Ndege ndilo basi letu. Watu hupanda na kuku waliogandishwa, na mikungu ya ndizi, na wali wa juane uliofungwa kwenye majani ukiwa bado wa moto. Nilikuwa nimekata tiketi mbili za ofa kwenye shirika la Korongo, lile lenye ndege mrefu mweupe aliyechorwa mkiani. Huku tunawadanganya watoto kwamba korongo ndiye huwaletea mama zao wachanga. Sikujua kwamba akishawaleta, huwatenganisha.

Nililijua hilo siku hiyohiyo, Jumatatu, nilipokwenda na Itala ofisini kwao kuulizia viti. Kiyoyozi cha pale ni kikali kiasi kwamba watu huingia kukimbia joto na kutoka na mafua. Binti wa dawatini alinitabasamia, akaangalia kompyuta.

"Mfumo umewapangia 4A na 27F."

"Nani wa nne, nani wa ishirini na saba?"

"Mtoto ni 4A. Dirishani! Ana bahati."

"Ana miaka minne."

"Ndiyo maana nasema ana bahati. Wakubwa hukilipia kiti kama hicho."

Nikamwonyesha bango lililokuwa ukutani nyuma yake, lenye picha ya mama, baba na watoto wawili wenye meno mengi. Liliandikwa: *Mtoto chini ya miaka kumi na miwili hukaa na familia yake, bure. Korongo anakupenda.*

"Ndiyo, familia," binti akasema. "Sasa tatizo ni kwamba mfumo hauwatambui kama familia. Wewe ni Tananta. Yeye ni Ricopa."

"Yeye ni Ricopa Tananta. Ricopa ni la baba yake, Tananta ni langu."

"Mfumo unasoma jina la kwanza la ukoo. La pili halikupata kisanduku."

"Mimi nilimzaa huyu."

"Nakuamini kabisa, mama. Ila mfumo haukuwepo."

Sisi sote hapa tuna majina mawili ya ukoo, la baba linatangulia, la mama linafuata. Kwa hiyo hakuna mama hata mmoja katika mji mzima anayelingana na mwanawe kwenye jina la kwanza, labda awe ameolewa na binamu. Aliyetengeneza mfumo ule bila shaka alizaliwa na baba peke yake. Upande wa pili, jina likifanana, Korongo hana maswali. Mwaka uliopita aliwakalisha bega kwa bega, bure, na pongezi juu ya skrini, Pinedo wawili waliokuwa wanaenda Lima kushtakiana kwa ajili ya kiwanja kimoja. Wanasema mmoja alishuka na sikio limevimba.

"Sasa nifanyeje?" nikauliza.

Binti alinisomea kama anayesoma orodha ya vyakula. Ningeweza kununua kifurushi cha Kiota, cha kukaa pamoja, ambacho kinauzwa zaidi ya tiketi yenyewe. Ningeweza kubadilisha tarehe, na adhabu yake ni kubwa kuliko Kiota. Ningeweza kubadilisha abiria, yaani atoke Itala aingie mtu mwingine mwenye jina langu, jambo ambalo alilitaja bila kucheka.

"Na marekebisho ya makosa ya uandishi ni bure kwa simu," akamalizia. "Herufi tatu, mara moja kwa siku. Lakini hilo halikuhusu, jina lako limeandikwa sawa."

Nilitoka pale napiga chafya. Nikapitia moja kwa moja dukani kwa Adelfa.

Adelfa Shupingahua ana miaka sitini na moja, na miwani ambayo mkono wake mmoja ni uzi wa kuvulia samaki. Juu ya mlango wake pameandikwa FOTOKOPI, TAIPU, BARUA ZA KILA NAMNA. Miaka thelathini alikaa chini ya matao ya manispaa na mashine yake ya taipu juu ya kreti la bia, akiwaandikia watu maombi ya kiwanja, ya kuachiwa mfungwa, ya kutambuliwa mtoto, ya kusamehewa deni la maji. Kisha manispaa wakaleta kompyuta na kusema mashine za taipu zinawapigia kelele. Wakamfukuza, wakasahau kwamba nusu ya barua walizokuwa wanazijibu alizipiga yeye, na nusu ya majibu pia.

Hakuna jina la ukoo la mji huu ambalo vidole vyake havijui njia yake. Akikuona barabarani haoni sura, anaona tahajia. Mara moja alimrudishia mjane ombi la cheti cha kifo. "Huyu uliyemwandika bado hajafa," alimwambia. "Aliyekufa ana Y." Mjane akaenda kuhakikisha. Kweli, aliyekufa alikuwa na Y, na yule asiye na Y alikuwa ni mtu mwingine, mzima, muuza kamba bandarini, ambaye mpaka leo humwamkia Adelfa kwa heshima ya pekee.

Nilimkuta anafunika fotokopi na kitambaa kama mtu anayemlaza mtoto.

"Bi Adelfa, shikamoo."

"Marahaba. Tananta, A tatu, N mbili. Kaa hapo. Na huyu?"

"Itala. Ricopa."

Aliwatazama Ricopa na Tananta, mimi nadhani hakututazama sisi. Midomo yake ilikuwa inatembea. Itala, kwa kuwa mdomo ulikuwa unatembea, alimsogelea kusoma.

"Umbali si mkubwa," Adelfa akasema. "Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Ndege ni lini?"

"Jumamosi, saa tatu asubuhi."

"Leo Jumatatu. Tunaanza kesho. Gaudencia amekwambia nauza majina?"

"Amesema."

"Muongo. Nakodisha."

Akafungua daftari la shule, akaniandikia kwa penseli, polepole, kama anavyofundishwa mtu wa darasa la kwanza:

TANANTA
RICANTA
RICOPA

"Kesho tunapiga simu, tunasema wametukosea herufi tatu za mwanzo. T ni R, A ni I, N ni C. Bure. Unakuwa Ricanta. Keshokutwa tunapiga tena, anapokea mtu mwingine, maana pale hakuna anayevumilia siku mbili. Tunasema wametukosea A, wametukosea N, na hiyo T imeingia kwa bahati mbaya. Unakuwa Ricopa. Mashine inakuona wewe na mwanao mnafanana, inafurahi, inawapa viti pamoja. Viti vikishatoka, tunakurudisha nyumbani kwa njia uliyoendea, ulingane na kitambulisho chako."

"Na hawashtuki?"

"Mwanangu, wale walioandika kwamba binadamu ana jina moja la ukoo watashtushwa na nini?"

Jumanne tulipiga simu. Simu ya Korongo ina filimbi ya kungojesha watu, na katikati ya filimbi sauti ya mwanamke inasema Korongo anakupenda, usikate. Tulipendwa dakika hamsini. Kijana alipopokea, Adelfa alibadilisha sauti, ikawa ya bibi kizee aliyekaribia kukata roho.

"Mjukuu wangu, mmenichafulia jina. Mimi ni Ricanta, Ricanta toka kwa babu."

"Pole sana, Bi Ricanta. Tayari. Je, umeridhika na huduma yetu, kuanzia moja mpaka tano?"

"Tano, baba. Mungu akulipe, maana hao hawakulipi."

Jumatano filimbi ilichukua saa nzima na robo. Itala alikuwa ameketi chini ya meza na karatasi zilizoharibika, anachora. Mimi nilikuwa naangalia ukuta wa Adelfa, ambako pana picha moja tu, ya mvulana mwenye shati la shule lililofungwa vifungo vyote hadi kooni.

"Huyo ni Wagner wangu," akasema, simu ikiwa begani. "Sasa ana mvi. Nilimpeleka Lima kwa dada wa marehemu baba yake akasome, ana miaka saba. Huku shule ilikuwa imeanguka paa. Ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda ndege, na ya mwisho; kurudi nilirudi kwa basi na mto. Siku zile hawakuwa wanauza viti, walikuwa wanasema tu ndege imejaa. Mimi safu ya tatu, yeye ya ishirini na nne."

"Alilia?"

"Sijui. Hilo ndilo linalonikera, sijui. Nilikuwa nimejipangia mambo ya kumwambia. Safari ni saa moja na dakika arobaini na tano, nikasema inatosha, nitamwambia asijibizane na shangazi yake, nitamwonyesha mto ukiwa mdogo kama uzi, nitamshika mkono. Badala yake nikaangalia kipara cha mtu aliyekaa mbele yangu. Kipara kile nakikumbuka mpaka leo kuliko sura ya mwanangu siku ile. Kina kovu hapa, kama alama ya mkato." Akajigusa utosini. "Tuliposhuka shangazi mtu alikuwa mlangoni anasubiri. Akamchukua."

Sauti ya mwanamke ikasema Korongo anakupenda.

"Ananiandikia nije niwaone wajukuu. Wanne sasa. Namwambia duka." Akanyoosha kitambaa cha fotokopi ambacho hakikuwa kimejikunja. "Halo? Ndiyo, binti, habari za kazi. Mmenichafulia jina."

Saa kumi jioni kompyuta yake ilitoa kelele na kuonyesha maua. *Pongezi, familia Ricopa! Viti vyenu ni 11A na 11B.* Adelfa alichapa karatasi, akanipa, akakataa pesa. Hachukui pesa. Anachotaka ni kwamba mama akirudi kutoka Lima apite dukani kumweleza mtoto alifanya nini ndani ya ndege, naye anaandika kwenye lile daftari, mbele ya jina. Nilisoma kurasa chache. *Saboya, msichana: alilala mkono ukiwa kwenye nywele za mama. Yahuarcani, mapacha: walitapika kwa zamu. Tapullima, mvulana: aliuliza kama wingu linaliwa.* Hao ndio wale watoto arobaini aliowataja Gaudencia.

Alhamisi nikarudi kuwa Ricanta bila shida. Kijana wa simu hata alituchekea, akasema kina Ricanta ni watu wengi eh. Adelfa akamwambia tunazaliana.

Ijumaa ndiyo siku ya kurudi Tananta. Filimbi ilikuwa fupi, dakika kumi tu, na Adelfa akakunja uso. "Wakikuharakishia," akasema, "kuna jambo."

Binti aliyepokea alikuwa na sauti tamu. "Kwa ajili ya kukuboreshea huduma, kuanzia leo marekebisho ni herufi mbili kwa siku."

"Mbili?"

"Tumegundua wateja wetu wanapendelea herufi chache."

Adelfa alifunika simu kwa kiganja. Kutoka Ricanta mpaka Tananta ni herufi tatu, na ndege ni kesho.

"Tupige tena kesho asubuhi," nikasema.

"Laini hufunguliwa saa mbili. Kaunta ya mizigo na watoto hufungwa saa mbili." Akavua miwani, akaivaa. "Nyamaza kwanza, mwanangu. Acha nichague kosa."

Alivuta daftari. Akaandika RANANTA, akafuta. "Huu ni ukoo mwingine kabisa, watasema umeiba tiketi." Akaandika TACANTA, akaitazama kichwa upande. "Hii inakaribia. Lakini hiyo C inakaa kama mwizi aliyejificha." Akaandika TINANTA. Akaisoma kwa sauti mara mbili, mara ya pili haraka, kama karani mwenye njaa.

"Hii. Kosa la irabu husamehewa. Kosa la konsonanti huitiwa polisi." Akaondoa kiganja kwenye simu. "Binti, badilisha R iwe T, na C iwe N."

Sikulala vizuri, na nilipoamka Jumamosi saa kumi na moja nilikuta bajaji mlangoni, na Adelfa ndani yake. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na viatu vya kufunika vidole, na juu ya mapaja ana juane tatu za moto kwenye taulo.

Gaudencia alikuwa tayari dirishani. "Adelfa! Unaenda wapi na viatu? Umekamatwa?"

"Naenda kuuza jina la mumeo. Unalitaka au nimpe mwingine?"

"Muulize bei!" mumewe akapiga kelele kutoka ndani.

Uwanja wa ndege ulikuwa umejaa kama siku zote, maboksi meupe ya samaki, bibi wenye mito ya kulalia, wanajeshi wenye matikiti. Kwenye kaunta ya Korongo kulikuwa na binti mwingine, mwembamba, nywele zimebanwa kwa nguvu hata nyusi zimepanda. Alichukua kitambulisho changu, akachukua karatasi, akaangalia huku na huku. Nilimwinua Itala, nikamkalisha kiunoni. Niliona kidole cha binti kinasimama juu ya I.

"Hapa ni Tinanta. Kitambulisho ni Tananta."

"Makosa ya uandishi," nikasema.

"Naweza kusahihisha hapa kaunta. Ila tiketi ikifunguliwa kaunta, viti vinaachiliwa, na mfumo unagawa upya." Akabofya, akaangalia. "Imebaki 2C na 30E. Nisahihishe?"

Itala alikuwa ananitazama mdomo. Sikusema neno, kwa kuwa lolote ambalo ningelisema angelisoma. Binti alikuwa ameshaweka kidole juu ya kitufe.

"Binti," Adelfa akasema kutoka nyuma yangu. "Wewe ni wa kina Murayari wa Bellavista, au nimepitwa na ukoo mpya?"

Binti akainua macho. "Murayari, Bi. Wa Bellavista. Unamfahamu mama?"

"Nilimpigia taipu ombi la kukuandikisha wewe kuzaliwa. Ulikuwa na gramu elfu mbili na mia nne, nikasema huyu hataishi, nikaiandika vizuri ili angalau karatasi iwe nzito." Akasogeza miwani yake yenye uzi, akaisogelea beji iliyo kifuani kwa binti. "Sasa mbona hapa pameandikwa Murayiri?"

Binti akaifunika beji kwa kiganja kama mtu aliyefunguka kifungo. "Walikosea kuchapa."

"Lini?"

"Nilipoanza. Miezi minane sasa."

"Na hawajasahihisha?"

"Beji mpya unakatwa kwenye mshahara. Na utaratibu wa kubadilisha jina la mfanyakazi..." Nyuma yake msimamizi alipita na redio, akatutazama, akapita.

"Na kila siku unaingia kwa beji hiyo?"

"Naingia."

"Mlinzi anakuruhusu?"

"Ananijua."

"Basi huyu na wewe ni familia moja," Adelfa akasema taratibu. "A zenu zote mbili zimegeuka I mikononi mwa shirika moja. Usimsahihishe, mwanangu. Msome kama unavyosomwa wewe."

Foleni ilikuwa inakohoa. Bibi mwenye mto aliuliza kama tunauza samaki au vipi. Binti Murayari aliangalia karatasi yangu, akaangalia kitambulisho, akamwangalia Itala, ambaye alikuwa ameacha mdomo wangu na kuanza kusoma wa kwake. Kisha akapiga muhuri, *pa*, juu kabisa ya ile I, kiasi kwamba hata mimi sikuiona tena.

"Kumi na moja A, kumi na moja B," akasema kwa sauti ya kazi. "Korongo anakupenda." Halafu kwa sauti yake mwenyewe, "Bi, msalimie mama ukimwona."

Tulipofika kwenye kizuizi cha ukaguzi, spika ikatangaza kwamba ndege imechelewa. Tumbusi walikuwa wametua kwenye njia ya kurukia, familia nzima, na walikuwa wamekaa pamoja. Hakuna aliyewauliza majina. Adelfa akakunjua taulo, akatugawia juane mbili, moja akabaki nayo mkononi bila kuifungua. Nje ya kioo ndege nyeupe ilikuwa inang'aa kwenye mvua nyembamba, na Adelfa alikuwa haiangalii. Alikuwa anaangalia sakafu, penye mstari wa njano ambao asiye na tiketi haruhusiwi kuuvuka. Ncha za viatu vyake zilikuwa zimeugusa.

"Asante, Bi Adelfa. Nikirudi nitakuja kukueleza kila kitu. Kama amelala, kama ametapika."

"Ndiyo. Uje." Akampa Itala ile juane ya tatu. "Hii ni ya Wagner. Anwani imo kwenye karatasi chini ya kamba yake. Mwambie aifungue ikiwa bado na uvuguvugu, asiipashe kwenye mashine."

"Nitamwambia."

"Daktari alisema mnarudi tena, si ndiyo? Miezi mitatu?"

"Miezi mitatu."

Spika ikasema tumbusi wameondoka. Watu wakaanza kusukumana. Mlinzi akanyoosha mkono apewe karatasi yangu. Adelfa alinishika kiwiko, vidole vyake vikagonga mkono wangu, haraka haraka, kama anapiga taipu.

"Basi ukikata tiketi ile ya pili, niweke na mimi," akasema. "Peke yangu siwezi, mwanangu, nitakaa naangalia kipara cha nani? Kutoka Shupingahua mpaka Ricopa ni herufi tisa, nimeshahesabu. Kwa hizi mbili zao ni siku tano kwenda, siku tano kurudi. Kata mapema. Dirisha mpe Itala, wewe kaa naye, mimi niwekeni pembeni. Ila mkono mmoja mnipe."